Kofia ya Nguzo: Uchaguzi wa Vigae na Matofali kwa Kuta za Bustani katika Mwambao wa Afrika Mashariki

Nguzo ya ukuta wa bustani, iwe inabeba geti au inaimarisha uzio mrefu kati ya kona mbili, hupigwa na mvua pande zote, lakini sehemu inayoharibika mapema kuliko nyingine ni kichwa chake, kwa sababu maji yanayogonga ubavu wa nguzo huteremka na kwenda zake, ilhali yale yanayotua juu hukaa, hutafuta ufa na hupata muda wa kuzama ndani. Ukuta wa nyumba una paa na upenu wa kuukinga. Ukuta wa bustani hauna kinga yoyote isipokuwa tabaka la mwisho linalowekwa juu yake, ambalo linaitwa hapa kofia. Kwa kawaida kofia hufikiriwa mwishoni mwa ujenzi, wakati fedha zimepungua na vigae vilivyobaki sebuleni vinatafutiwa matumizi, na swali linaloulizwa dukani huwa ni kigae gani au tofali gani litapendeza juu ya nguzo. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa vizuri kabla ya kujibiwa lingine linalolitangulia, yaani maji yakishatua juu ya nguzo yataelekea wapi, na kwamba vigae vingi vinavyolaumiwa kwa ubovu viliangushwa na umbo la kofia vilipobandikwa, wala havikuwa vibovu vilipotoka dukani.

Katika miji ya mwambao kama Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, mvua kwa mwaka wa kawaida huzidi milimita 1,000, na sehemu kubwa yake hunyesha katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, na katika vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo kichwa cha nguzo hupitia vipindi virefu vya kuloa na vipindi virefu vya kukauka, na hata ndani ya siku moja huweza kuchomwa na jua la mchana kisha kupozwa ghafla na mvua ya dakika chache. Pamoja na hayo, upepo wa baharini hubeba chumvi inayotua juu ya kuta, ikayeyuka kwa mvua, ikaingia katika vitundu vidogo vya lipu na tofali, na maji yanapokauka chumvi hiyo hubaki ndani na kuunda fuwele. Fuwele zinapokua husukuma kuta za vitundu hivyo mpaka uso wa tofali unamung'unyuka, kazi ambayo katika nchi za baridi hufanywa na maji yanayoganda kuwa barafu. Ndiyo maana sifa ya kustahimili barafu, inayotajwa mara kwa mara katika maelezo ya vigae vinavyotoka nje, haipaswi kupuuzwa hata mahali ambapo barafu haijawahi kuonekana: kigae kilichotengenezwa kisinywe maji yatakayoganda huwa pia hakinywi maji yenye chumvi.

Madhara ya maji yaliyopenya hayaishii kwenye kichwa. Nguzo nyingi za uzio hujengwa kwa matofali ya saruji, na ndani yake husimamishwa nondo chache na kumiminwa zege, hasa pale nguzo inapobeba geti zito. Maji yakishaingia kupitia juu hufuata nafasi zilizoachwa katika zege lisiloshindiliwa vizuri, yakaifikia nondo na kuanzisha kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, nguzo hupasuka kutoka ndani kwa ufa wa wima ambao fundi huuziba kwa lipu mpya mwaka hadi mwaka bila kuugusa mzizi wa tatizo. Bawaba za geti zilizozikwa katika nguzo huoza kwa njia hiyohiyo, rangi hutoka kwa mabaka, lipu huachia tofali na kutoa mlio wa uwazi inapogongwa, na chini ya kichwa hujitokeza michirizi myeusi ya kuvu pamoja na utando mweupe wa chumvi. Mwenye nyumba anayeona dalili hizo kwa kawaida hushuku msingi au udongo, na ni kweli kwamba unyevu hupanda pia kutoka ardhini. Lakini dalili zikianzia juu na kupungua kuelekea chini, mkosaji ni kofia.

Kofia inayofanya kazi yake ina sehemu nne, na kila moja inastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu ndizo zinazoamua ni kigae au tofali gani linaweza kukubalika. Ya kwanza ni mteremko. Uso wa juu usiwe bapa kabisa, hata kama bapa ndiyo rahisi kujenga, kwa kuwa hakuna uso bapa uliojengwa kwa mkono usio na kibonde, na kila kibonde ni bwawa dogo. Kwa kigae laini mteremko wa milimita 1 kwa kila milimita 10 unatosha. Kwa tofali au lipu yenye uso mkavu na wa kukwaruza, inafaa uongezwe hadi milimita 1 kwa kila 5. Katika kofia yenye upana wa milimita 580, yaani milimita 290 kutoka katikati hadi ukingoni, mteremko wa kwanza huinua kitovu kwa milimita 29 tu, na wa pili kwa milimita 58, vimo ambavyo havionekani vibaya na vinaweza kupewa umbo la piramidi fupi yenye pande nne, ambalo tayari limezoeleka katika nguzo za mageti.

Sehemu ya pili ni mchomozo, yaani kiasi ambacho kofia hutokeza nje ya uso wa nguzo ili maji yaanguke mbali na lipu. Milimita 40 hadi 50 kila upande ni kiasi kinachofaa, na kikihesabiwa lazima unene wa lipu ujumuishwe, kosa ambalo hufanyika mara nyingi pale kofia inapopimwa juu ya tofali tupu na mchomozo wote ukamezwa na lipu iliyokuja baadaye. Sehemu ya tatu ni mfuo, yaani kijifereji chembamba kinachochongwa chini ya ukingo unaotokeza, chenye upana na kina cha walau milimita 10, sambamba na ukingo na kwa umbali wa takriban milimita 25 kutoka kwake. Umuhimu wa mfuo hauonekani mpaka mtu atazame mvua inavyotenda: maji yakifika ukingoni hayaanguki yote, kwani sehemu yake hushikamana na uso wa chini wa kofia na kurudi nyuma hadi kwenye ukuta, na mfuo ndio unaoikata njia hiyo, ili matone yakusanyike na kudondoka. Kofia yenye mchomozo mkubwa lakini isiyo na mfuo huwa imeahirisha tatizo kwa milimita 50 tu. Sehemu ya nne ni kizuizi cha unyevu, yaani tabaka lisilopitisha maji linalowekwa kati ya kofia na nguzo, ambalo linaweza kuwa karatasi ya lami au saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, ili hata kofia ikipata ufa baadaye, maji yasiendelee kushuka.

Mfuo huo, ambao gharama yake ni ndogo kuliko sehemu nyingine zote, ndio unaosahauliwa zaidi. Fundi anayemimina kofia ya zege katika ukungu wa mbao anaweza kuupata kwa kulaza nondo ya milimita 12 iliyopakwa mafuta chini ndani ya ukungu, kuizungusha pande nne, na kuiondoa zege linapokuwa limeshika. Kazi hiyo huchukua dakika chache na huongeza miaka mingi katika maisha ya lipu, na ni vigumu kupata sababu yoyote ya kuiacha.

Katika ujenzi wa Uingereza, ambako kuta za bustani za matofali zina historia ndefu, tofauti huwekwa kati ya kofia inayotokeza na kurusha maji mbali na ile inayolingana na uso wa ukuta na kufunika tu, na ile ya pili huhesabiwa kuwa dhaifu. Kutokana na uzoefu huo ulizaliwa mtindo unaounganisha vigae na matofali kwa ustadi: juu ya nguzo hulazwa safu mbili za vigae bapa vya udongo uliochomwa, vikitokeza nje kidogo na viungo vya safu ya juu vikipishana na vya safu ya chini, kisha juu yake husimamishwa matofali kwa ubavu, na pembe iliyopo kati ya vigae na matofali hujazwa mota kwa mteremko. Katika mpango huo kigae hufanya kazi ya mchomozo, tofali hufanya kazi ya uzito na sura, na kupishana kwa viungo huzuia maji kupata njia iliyonyooka ya kushuka. Kigae kinachotumiwa huko kwa kawaida kina urefu wa milimita 265 na upana wa milimita 165, na tofali la kisasa lina milimita 215 kwa 102.5 kwa 65. Vipimo hivyo havilingani na bidhaa za mwambao, lakini kanuni inalingana, na fundi yeyote mwenye vigae bapa vya udongo na matofali mazuri anaweza kuitumia.

Kuhusu vigae vyenyewe, sifa ya kwanza ya kuulizwa ni kiasi cha maji kinachonywewa, ambacho hupimwa kwa asilimia ya uzito wa kigae kikiwa kikavu. Kiwango cha kimataifa ISO 13006 huvigawa vigae kwa kipimo hicho: vigae vya kauri iliyochomwa kwa joto kali hadi ikakaribia kuwa kama kioo, ambavyo hujulikana kama poseleni, hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5, ilhali vigae vya ukutani vya jikoni na bafuni huweza kunywa zaidi ya asilimia 10. Kati ya ncha hizo mbili kuna vigae vya sakafuni vya daraja mbalimbali. Kigae cha ukutani cha bafuni hakifai kabisa kuwekwa juu ya nguzo, hata kikiwa cha bei kubwa na rangi ya kuvutia, kwa kuwa uso wake tu ndio uliofunikwa na ng'aro isiyopitisha maji, na mwili wake ni laini na wenye vitundu vingi. Maji huingia kupitia kiungo au ukingo uliokatwa, yakasambaa ndani ya mwili huo, na kwa kuwa ng'aro imeziba njia ya juu hayawezi kukauka upesi. Jua likiwaka, unyevu na chumvi husukuma ng'aro kutoka chini, na uso huanza kupasukapasuka kwa nyufa nyembamba kabla ya kubanduka. Anayetaka kujua bila maabara akigeuze kigae, amwage tone la maji mgongoni: tone likinywewa mara moja, kigae kibaki ndani ya nyumba.

Poseleni, ambayo haina udhaifu huo, ina wake. Kwa kuwa hainywi maji, haishikani vizuri na mota ya kawaida ya saruji na mchanga, ambayo hutegemea kuingia katika vitundu vya kigae ili kujishikiza, na hivyo huhitaji gundi ya vigae yenye polima iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Tena, zege hutanuka kwa joto zaidi ya kauri, kati ya mara moja na nusu na mara mbili kwa kila digrii, na ingawa tofauti hiyo katika kofia ya milimita 600 ni sehemu ndogo ya milimita, hurudiwa kila siku kwa miaka, na gundi dhaifu huchoka. Kigae cha rangi nyeusi au kijivu kilichokolea hupata joto zaidi ya cheupe, na kwa sababu hiyo rangi hafifu ina faida inayozidi ya sura.

Vipimo vya vigae vinavyouzwa, ambavyo kwa kawaida ni sentimita 30 kwa 30, 40 kwa 40 na 60 kwa 60, vinapaswa kulinganishwa na nguzo kabla ya nguzo yenyewe kujengwa. Tofali la saruji lililozoeleka lina urefu wa inchi 18, sawa na takriban milimita 450. Nguzo yenye upande wa urefu huo, ikipigwa lipu ya milimita 15 kila upande, hufikia milimita 480, na kigae kimoja cha sentimita 60 kikiwekwa katikati huacha mchomozo wa milimita 60 pande zote bila kiungo hata kimoja. Nguzo ya inchi 12 hufikia milimita 330 baada ya lipu, na kigae cha sentimita 40 huipa mchomozo wa milimita 35, ambao unakaribia kutosha. Nguzo ya inchi 9 hufikia milimita 255, na kigae cha sentimita 30 huiachia milimita 22 tu, ambazo hazitoshi. Hapo ni afadhali kukata kigae kikubwa zaidi. Jambo la kuepukwa ni kuunganisha vigae vinne vidogo juu ya nguzo kubwa ili viungo vikutane katikati, kwa kuwa msalaba huo wa viungo huwekwa mahali pasipo na kinga yoyote.

Hesabu hizo, hata hivyo, zisimfanye mtu aamini kwamba kigae kimoja kikubwa ni kofia. Kigae chenye unene wa milimita 9 au 10 hakiwezi kuchongwa mfuo wa maana, na ukingo wake unaoning'inia kwa milimita 60 bila kitu chini yake utavunjika mara ya kwanza ngazi itakapoegemezwa hapo au tawi litakapoangukia. Kigae kinachokaa juu ya nguzo kwa miaka mingi ni kile kilichobandikwa juu ya bamba la zege ambalo lenyewe lina mchomozo, mteremko na mfuo, na hivyo kigae huwa ni ngozi inayolinda zege na kulipa sura, wala si sehemu inayobeba jukumu. Bamba likiwa na mteremko wa pande nne, kigae hukatwa pembe tatu nne, na viungo vinavyopatikana hukaa juu ya migongo ya piramidi, mahali ambapo maji hugawanyika na kuondoka badala ya kukusanyika.

Ubandikaji nao una kosa moja ambalo limeenea mno kiasi cha kustahili kutajwa peke yake. Mafundi wengi huweka madonge matano ya mota, manne pembeni na moja katikati, kisha hukandamiza kigae juu yake mpaka pima maji ioneshe usawa. Sebuleni kigae cha namna hiyo huweza kudumu, ingawa hutoa mlio wa uwazi. Nje, nafasi zilizobaki kati ya madonge hujaa maji, na kila jua linapowaka maji hayo hupata moto chini ya kigae. Gundi inapaswa kutandazwa juu ya zege lote kwa mwiko wenye meno, na mgongo wa kigae upakwe pia, ili kigae kinaponyanyuliwa kwa majaribio kionekane kimeshika kila mahali.

Vigae vya paa huvutia wengi kwa kuwa vilitengenezwa kwa ajili ya mvua, na katika miji ya mwambao vipo vingi vya mtindo wa Mangalore, uliotoka katika pwani ya magharibi ya India, ambako viwanda vya mtindo huo vilianza katika miaka ya 1860. Lakini kigae hicho kina matuta na ndimi za kushikana na vigae vya jirani juu ya paa lenye mwinamo mkali, na kinapolazwa peke yake juu ya nguzo hukosa vitu vyote viwili. Kinafaa juu ya ukuta mrefu uliojengewa mgongo wa pande mbili. Juu ya nguzo ya mraba hakina nafasi.

Tofali la kuchoma ni habari nyingine, na ubora wake hutegemea tanuri zaidi ya udongo. Udongo wa mfinyanzi hupoteza maji yaliyofungamana na madini yake kati ya nyuzi 450 na 600 za Selsiasi, na chini ya hapo tofali likilowekwa huweza kurudi kuwa tope. Ili lipate nguvu ya kukaa nje bila lipu linahitaji takriban nyuzi 900 hadi 1,000. Katika tanuri la kienyeji, ambalo ni rundo la matofali lenye mashimo ya kuni chini yake, linaloonekana katika mikoa kama Morogoro, Iringa na Mbeya, na vilevile Uganda, Rwanda na Burundi, moto haufiki sawa kila mahali: matofali yaliyo karibu na mashimo huiva sana na pengine kupinda, ya katikati huiva vizuri, na ya nje hubaki mekundu hafifu na mepesi kuvunjika. Kwa ukuta utakaopigwa lipu mchanganyiko huo huvumilika. Kwa kofia hauvumiliki, kwa kuwa tofali moja bichi kati ya kumi linatosha kuifungua kofia yote, na ni haki ya mnunuzi kuchagua moja moja hata muuzaji akinung'unika.

Uchaguzi huo hauhitaji vyombo vya gharama. Matofali mawili yakigonganishwa yatoe mlio mkali kama wa chuma; mlio mzito na mfupi ni ishara ya ubichi au ufa wa ndani. Msumari ukikwaruza uso usiache mfuo wenye kina. Tofali kavu lipimwe, lilowekwe kwa saa 24, lipimwe tena, na uzito ulioongezeka ugawanywe kwa uzito wa kwanza: tofali la kilo 2.8 lililofikia kilo 3.3 limekunywa karibu asilimia 18, kiasi ambacho ni kikubwa mno kwa kichwa cha nguzo kilicho karibu na bahari. Matofali ya uhandisi ya Uingereza, yaliyotengenezwa kwa ajili ya maji na mizigo, hayaruhusiwi kuzidi asilimia 7, na ya daraja la juu asilimia 4.5; matofali ya tanuri la kienyeji hayawezi kufikia huko, lakini yale yaliyo chini ya asilimia 12 yanaweza kukubalika bara, mbali na chumvi. Pia vipande vyeupe vya chokaa vinavyoonekana ndani ya tofali lililovunjwa ni onyo, kwa kuwa chokaa hiyo iliyochomwa hunyonya maji, huvimba na kuurusha uso wa tofali. Tofali lililotoka tanurini juzi lisitumiwe mara moja, kwa sababu udongo uliochomwa huendelea kutanuka unapopata unyevu wa hewa, hasa katika siku na wiki za mwanzo; likae wiki kadhaa, kisha lilowekwe kidogo kabla ya kujengwa ili lisinyonye maji ya mota.

Matofali juu ya nguzo hulazwa kwa ubavu, yaani yakisimama juu ya upande wake mwembamba, ili kila moja liwe na kina cha kushikilia na uso wake mpana usiwe bakuli la mvua. Hata hivyo idadi ya viungo huongezeka, na kila kiungo ni mlango. Ndiyo maana safu ya vigae bapa au bamba jembamba la zege lenye mchomozo linahitajika chini yake. Matofali ya kona, ambayo hayana jirani wa kuyabana upande mmoja, ndiyo huanguka kwanza, na hufaa yafungwe kwa kipande cha chuma kisichoshika kutu. Mota iwe ya saruji moja kwa mchanga tatu au nne, na mchanga usitoke ufukweni, kwa kuwa chumvi yake itafanya kutoka ndani uharibifu ambao tofali lilichaguliwa ili liuzuie kutoka nje.

Mawe ya asili hayapaswi kusahaulika katika mjadala wa vigae na matofali. Jiwe la Mazeras, linalochimbwa bara ya Mombasa na kupasuka kwa tabaka, hutoa mabamba mapana yanayoweza kufunika nguzo kwa kipande kimoja. Jiwe la Ndarugo, linalokatwa kwa mashine karibu na Juja na Thika na kujenga sehemu kubwa ya Nairobi, ni jiwe la volkano lenye vitundu, na halifai kuwa kofia bila kufunikwa. Vivyo hivyo jiwe la matumbawe, ambalo ni jepesi kukata na limejenga mwambao kwa karne nyingi, daima limehitaji ngozi ya chokaa.

Hapo ndipo penye tahadhari kubwa kwa wenye kuta za zamani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu, iliyoingizwa mwaka 2001. Kuta za huko ni za matumbawe na chokaa, ambayo hupitisha unyevu na kuuacha ukauke. Kofia ya saruji ngumu au ya poseleni ikiwekwa juu yake huyafungia ndani maji yanayopanda na yanayoingia pembeni, na chokaa hulainika na kuanguka chini ya kofia iliyo nzima. Kuta hizo zivikwe kichwa cha mviringo cha chokaa, kinachopakwa upya kila inapobidi. Kauri kwenye nguzo si jambo geni katika mwambao, kwani makaburi yenye nguzo ya Kunduchi, Kaole na Mambrui yalipachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Lakini waashi wa zamani walizipachika ndani ya chokaa kama pambo, na hawakuzifanya paa la nguzo.

Kazi nzuri ya kofia huharibiwa mara nyingi baada ya kukamilika. Taa ya nguzo huhitaji waya, na waya huhitaji tundu katikati ya kofia, mahali pa juu kabisa. Bomba la waya lipitishwe kabla zege halijamiminwa na litokeze juu ya uso kwa sentimita kadhaa, na msingi wa taa uzibwe kwa mpira wa kuzuia maji. Vyuma vya waya wa umeme vifungwe ubavuni mwa nguzo, chini ya mchomozo. Vipande vya chupa vinavyopandwa katika mota juu ya kuta ili kuwazuia wezi huacha nyufa kuzunguka kila kipande, na kwa upande wa maji hakuna namna ya kuvihalalisha.

Yote yakipimwa pamoja, kofia inayofaa zaidi kwa nguzo ya kawaida ya matofali ya saruji katika mwambao ni bamba moja la zege lenye piramidi fupi, mchomozo wa milimita 50 na mfuo pande zote nne, ambalo kwa upana wa milimita 580 na unene wa wastani wa milimita 75 huwa na uzito wa karibu kilo 60 na hukaa mahali pake kwa uzito huo. Nondo zake, zikiwekwa, zifunikwe kwa zege la kutosha, na bamba limwagiliwe maji kwa siku 7 kabla ya kupandishwa. Anayetaka sura ya kigae aongeze poseleni ya rangi hafifu juu yake; anayetaka sura ya tofali, na anayeishi mbali na bahari, asimamishe matofali yaliyochaguliwa juu ya bamba jembamba. Kabla ya kukabidhi malipo ya mwisho, mwenye nyumba na apande ngazi akiwa na ndoo ya maji, ayamwage polepole juu ya kila nguzo, kisha atazame chini ya ukingo: yakidondoka kwenye mfuo bila kuigusa lipu, kazi ipokelewe; yakirudi na kuulowesha ubavu wa nguzo, irekebishwe kabla fundi hajafunga vifaa vyake.